Je, wajua kwa nini kisima cha Pwani kikizidi kina huleta chumvi?

Mtu akitaka kuhamia kaunti ya Kilifi, aishi shambani, ale alichopanda na afuge kuku na mbuzi wake, huuliza kwanza kuhusu joto. Joto halisumbui sana. Minazi, mikorosho, miembe, mihogo na kunde hulipenda, na ukanda wa karibu na bahari hupata takriban milimita 900 hadi 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Aprili na Juni, kisha vuli kuanzia Oktoba. Ukiingia ndani kuelekea Ganze mvua hupungua haraka, na huko hesabu ni nyingine kabisa. Hapa nazungumzia ukanda wa kuanzia Mtwapa hadi Malindi, ambako kinachoamua kama boma litasimama ni kisima.

Na kuhusu kisima nilikosea kwa miaka mingi. Niliamini kwamba maji ya juu ni machache na ya kubahatisha, na kwamba ukichimba zaidi utayafikia maji mengi yaliyo safi. Shemeji yangu alikuwa na kisima cha futi 30 karibu na Takaungu. Maji yake yalikuwa matamu, ila kila Februari yalipungua mpaka ndoo ikawa inakwaruza mchanga. Nikamshauri aongeze futi 15. Fundi alisita, akaegemea sururu yake na kusema, "Bwana, hapo chini ni bahari." Hatukumsikiliza. Maji yaliongezeka kweli, tukafurahi. Wiki ya tatu chai ikaanza kuwa na chumvi, na kingo za majani ya maharage zikaungua kana kwamba zimepitiwa na moto.

Kosa langu lilikuwa na pacha wake, ambalo nalisikia mpaka leo: kwamba maji ya chumvi hupenya kutoka ubavuni, upande wa ufukweni, kwa hiyo ukinunua kiwanja mbali kidogo na mawimbi umeshapona. Watu hupima umbali kutoka baharini kwa hatua na kuridhika. Lakini bahari haiishii pale mawimbi yanapogonga mwamba. Mwamba wenyewe, mabaki ya matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, umejaa vitundu, na maji ya bahari yameshaingia chini ya ardhi, chini ya minazi na nyumba. Chumvi iliyotupata ilitoka chini ya miguu yetu.

Sasa maji matamu yanakaa wapi? Yanaelea. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo moja, na lita ya maji ya bahari huizidi kwa takriban gramu 25. Tofauti hiyo ndogo inatosha. Weka maji ya chumvi kwenye glasi, yatie rangi, kisha mimina maji matamu polepole juu ya mgongo wa kijiko: utaona tabaka mbili, moja imekaa juu ya nyingine. Ardhini mambo huenda taratibu zaidi, kwa sababu chembe za mchanga na mwamba huzuia maji yasivurugike. Mvua ikizama, hujikusanya juu ya maji ya bahari.

Fikiria jahazi lililopakiwa shehena. Unachokiona juu ya maji ni sehemu tu. Tumbo lake limezama. Kwa maji matamu sehemu iliyozama ni kubwa ajabu: kwa kila sentimita moja iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban sentimita 40 chini yake. Maji ya kisimani yakisimama sentimita 20 tu juu ya usawa huo, maji matamu yanashuka kama mita 8, kisha chumvi. Kanuni hii iliandikwa na Mholanzi Willem Badon Ghijben mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kivyake.

Linalonistaajabisha zaidi ni upande wa pili wa hesabu hiyo. Ukipakua shehena, jahazi huinuka na tumbo lake hupanda. Ukiteka maji kwa pampu yenye nguvu mpaka yashuke sentimita 10, maji ya chumvi yaliyo chini ya kisima huanza kupanda kuelekea mita 4, kama kichuguu kinachojijenga chini ya ndoo yako. Kwa hiyo hata kisima kifupi kinaweza kuharibiwa na pampu ikiachwa usiku kucha.

Namba 40 isichukuliwe kama rula. Inafaa zaidi penye mchanga wa aina moja, na mpaka wenyewe ni eneo la mchanganyiko. Penye mwamba wenye nyufa na mapango maji hupita ovyo, hupanda na kushuka na bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana), na visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa. Tena sabuni kugoma kutoa povu si ushahidi wa bahari. Mara nyingi ni chokaa ya mwamba. Hata kule Gede, mji wa kale ulioachwa karne ya 17, kushuka kwa maji visimani ni sababu mojawapo tu inayotajwa, pamoja na vita.

Je, Kilifi inafaa? Naamini inafaa sana, kwa anayekubali kuteka kidogo kidogo. Kisima kiwe kipana na kifupi, na maji ya kunywa yatoke kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la bati la mita 50 za mraba likipata milimita 1,000 hutoa lita 50,000, tuseme 40,000 baada ya upotevu. Makuti hupoza nyumba, lakini maji yake hutoka na rangi ya chai. Familia ya watu 5 ikitumia lita 100 kwa siku, tangi la lita 10,000 likijazwa na vuli litaivusha Januari hadi Machi, na kisima kibaki cha bustani. Maharage yapandwe wakati wa mvua. Mnazi huvumilia chumvi kidogo.

Shemeji alirudishia zile futi 15 kwa mawe na kokoto. Ilichukua misimu miwili ya masika chai kurudi kuwa chai. Kamba ya ndoo sasa ina fundo la kitambaa chekundu. Fundo likifika ukingoni na ndoo bado haijagusa maji, wanafunika kisima mpaka kesho.