Mawe ya Kinu cha Maji Hayakusuguana

Wengi wetu hapa Lindi, tukitazama picha za vinu vya kale vya mawe vya Uingereza vilivyoendeshwa kwa gurudumu la maji, hudhani kwamba nafaka ilisagwa na mawe mawili yaliyosuguana. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa jiwe la kusagia mtama walilotumia bibi zetu husuguliwa kwa kijiwe cha mkononi. Katika vinu hivyo, hata hivyo, jiwe la chini lilitulia, na la juu, ambalo aghalabu lilikuwa na kipenyo cha takriban mita 1.2, lilizunguka kama mara 120 kwa dakika bila kuligusa la chini. Nafaka iliingia kwenye tundu la katikati, ikakatwakatwa na kingo za mifereji iliyochongwa kwenye nyuso za mawe, ikatokea pembeni ikiwa unga. Hatari ilikuwa hii: mawe yakigusana hutoa cheche, na vumbi la unga lililotanda hewani huweza kulipuka. Kwa hiyo msagaji aliunusa unga mara kwa mara, na ukitoa harufu ya kuungua, aliliinua jiwe la juu kidogo.