Mtoto akiuza gemu, mizani imeshikwa na nani?

Juzi, baada ya semina ya vikundi vya kuweka na kukopa hapa Moshi, mama mmoja wa Majengo alinifuata na swali ambalo halikuhusu VICOBA hata kidogo. "Mwalimu, mwanangu ana hela humo ndani ya kompyuta, lakini hazitoki." Kijana wake yuko kidato cha pili. Ametengeneza gemu kwenye jukwaa moja la mtandaoni, wenzake wanaicheza, naye ana sarafu elfu tisa za jukwaa hilo. Viatu vya shule bado ananunuliwa na mama.

Mimi nafundisha ushirika na masoko, kompyuta naijua ya kuandikia tu. Hata hivyo, nilipokaa kusoma masharti ya majukwaa haya nilikutana na watu ninaowafahamu: mzalishaji mmoja mmoja, na mnunuzi anayemiliki mizani, ghala na hata noti za kulipia.

Nichukue mfano wa Roblox, kwa kuwa viwango vyake viko wazi. Jukwaa hili lilifunguliwa mwaka 2006, na gemu zake hutengenezwa na watumiaji wenyewe, wengi wao watoto na vijana. Vifaa vya kutengenezea hutolewa bure. Mchezaji anayenunua kwa simu hulipa karibu dola 5 kupata Robux 400, ndiyo sarafu yao. Akizitumia zote ndani ya gemu ya kijana, jukwaa hukata asilimia 30, kijana hubaki na 280.

Wengi huishia hapo na kusema mbona madalali wetu hukata zaidi. Subiri kwanza. Kijana akitaka kuzigeuza kuwa dola, kiwango kuanzia Septemba 2025 ni dola 0.0038 kwa Robux moja. Kabla ya hapo kilikuwa 0.0035. Zile 280 zinakuwa dola 1 na senti 6. Yaani katika kila dola 5 alizotoa mchezaji, mtengenezaji anapata moja na kidogo. Sarafu ileile inauzwa kwa zaidi ya senti moja na kurudishwa kwa chini ya nusu senti. Pale soko la Mbuyuni, mfanyabiashara akinunua mahindi kwa debe hili na kuuza kwa lile, wateja hawamwachi salama.

Kisha kuna kima cha chini cha kutoa: Robux 30,000, sawa na dola 114. Ili kijana azifikishe kwa mauzo, wachezaji wanaonunua kwa bei niliyoitaja wawe wametumia zaidi ya dola 500. Asipofika, sarafu zake zina matumizi humohumo tu, ikiwemo kutangaza gemu yake ili ionekane. Anazungusha jasho lake uani kwa mwenye nyumba.

Jukwaa nalo lina hoja. Maduka ya programu za simu hukata hadi asilimia 30 kabla ya wengine wote, seva, yaani kompyuta zinazoendesha gemu hizo, zinagharimu, na kulinda watoto kunahitaji watu. Mwaka 2024 Roblox iliwalipa watengenezaji jumla ya dola milioni 923, huku mapato yake yakiwa kama dola bilioni 3.6. Hizo ni fedha kweli, na siuiti huu wizi, masharti yameandikwa. Swali langu ni nani anayeyasoma. Umri wa kuingia mkataba kwa sheria yetu ni miaka 18, ilhali mpango huo wa kutoa fedha uko wazi kuanzia miaka 13.

Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikasajiliwa 1933, ili mtu asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. (KNCU nayo imepita kwenye mabonde yake, hilo tuliache.) Watoto wanaotengeneza gemu hawana chama cha namna hiyo, na bei ikibadilishwa wanasikia tangazo tu.

Njia nyingine zipo. Godot ni programu ya bure ya kutengenezea gemu isiyodai chochote katika mauzo. Kwenye itch.io muuzaji mwenyewe ndiye anayechagua asilimia ya kuliachia jukwaa, hata sifuri. Tatizo ni kwamba wachezaji hawajajazana huko, na mtoto anataka gemu yake ichezwe leo jioni.

Kwa yule mama nilishauri wachukue daftari wapige hesabu hizi pamoja. Ndipo likafumuka jambo ambalo hata yeye hakulijua: kijana hakuwa peke yake. Mwenzake mmoja alichora, mwingine akatengeneza sauti, na sarafu zote elfu tisa ziliingia kwenye akaunti ya mwanawe. Hawakuwa wameandikiana chochote. Nikampa karatasi ileile tunayowapa wanavikundi: majina, kazi ya kila mmoja, mgawo, sahihi za wazazi. Aliikunja akaitia kwenye pochi, akaniomba nyingine mbili.