Treni ya mwendokasi kama hoja ya kampeni: maana yake

Mgombea anaposimama jukwaani na kuahidi treni ya mwendokasi, anazungumzia vitu viwili kwa mpigo. Kimoja ni chombo: treni ya umeme na njia iliyojengwa kwa ajili yake. Kingine ni hoja ya uchaguzi, yaani ahadi ya kuijenga au kuifuta, inayowekwa mbele ya wapiga kura ili wamtofautishe mgombea huyo na mpinzani wake. Chombo hupimwa kwa kilomita. Hoja ina vipimo vingine, na ndivyo vinavyowapita watu wengi.

Tuanze na chombo, maana bila hicho hoja haieleweki. Kwa kipimo cha UIC, umoja wa kimataifa wa mashirika ya reli, njia mpya ni ya mwendokasi ikiwa imejengwa kubeba treni za kilomita 250 kwa saa au zaidi. Njia ya zamani iliyoboreshwa huhesabiwa ikifikia karibu 200. Japani ilitangulia mwaka 1964 kwa njia ya Tokyo hadi Osaka, treni zikifika 210. Ufaransa ikazindua TGV kati ya Paris na Lyon mwaka 1981. Barani Afrika, Moroko ilianza Novemba 2018 na Al Boraq, inayofika 320 kati ya Tangier na Kenitra.

Kwenye kampeni kipimo hicho hupotea haraka. Marekani ni mfano mzuri. Mwaka 2009 serikali ya Barack Obama ilitenga dola bilioni 8 kwa ajili ya reli za mwendokasi, na fedha hizo zikagawiwa majimbo. Ohio ilipewa dola milioni 400 za kuunganisha Cleveland, Columbus, Dayton na Cincinnati. Lakini treni iliyopangwa ingefika maili 79 kwa saa, yaani kilomita 127 hivi. Ilikuwa treni ya kawaida katika jimbo ambalo miji hiyo haikuwa na treni ya abiria ya kuiunganisha, na hilo peke yake lingetosha kuitetea. Ila kwa kuwa ilikuja imefungwa ndani ya mpango wa mwendokasi, John Kasich, mgombea ugavana mwaka 2010, alipata pa kuishambulia: mwendokasi gani huu unaopitwa na gari? Alishinda, na mradi ukafa. Nadhani somo hapa ni kubwa kuliko Ohio. Ahadi iliyotiwa chumvi humpa mpinzani silaha ambayo mradi wenyewe haukustahili kupigwa nayo.

Mwaka huohuo Scott Walker aligombea ugavana wa Wisconsin akiahidi kuisimamisha treni ya Milwaukee hadi Madison, iliyokwisha kutengewa dola milioni 810. Naye akashinda. Huko kulikuwa na kitu cha kushika mkononi: seti mbili za mabehewa ambazo jimbo lilikuwa limeagiza mwaka 2009 kwa Talgo, kampuni ya Hispania, zikaundwa palepale Milwaukee. Hazikupata kubeba abiria wa Wisconsin. Zilikaa miaka zikihifadhiwa, jimbo na kampuni wakafikishana mahakamani, na mwaka 2022 zikanunuliwa na serikali ya jimbo la Lagos, Nigeria. Florida nayo ilikuwa na mradi wa mwendokasi wa kweli, Tampa hadi Orlando, na dola bilioni 2.4 za serikali kuu mkononi. Gavana mpya, Rick Scott, akazikataa Februari 2011. Sehemu ya fedha hizo ikahamia majimbo mengine, ikiwemo California.

Kwa hiyo kufuta ni ahadi ya kampeni sawa na kujenga, na kwa mwanasiasa ni rahisi zaidi kuitimiza. Kujenga kunahitaji miaka kumi, ishirini. Kufuta kunahitaji barua moja.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana hii. Muhula wa uongozi ni miaka minne au mitano. Njia ya mwendokasi, kuanzia upembuzi yakinifu hadi abiria wa kwanza, huvuka mihula kadhaa. Anayeahidi kwa kawaida si atakayekata utepe, na anayebeba lawama za gharama huenda hakuwa hata bungeni mradi ulipopitishwa. Ndiyo maana kinachouzwa kwenye kampeni huwa ni tukio linaloweza kutoshea ndani ya muhula: jiwe la msingi, mkataba, picha ya treni kwenye ilani. Nchini India, chama cha BJP kiliweka treni ya mwendokasi kwenye ilani yake ya mwaka 2014. Tarehe 14 Septemba 2017 Narendra Modi, waziri mkuu kutoka chama hicho, na Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani wakati huo, waliweka jiwe la msingi la njia ya Mumbai hadi Ahmedabad, kilomita 508, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa jimbo la Gujarat. Treni zilitarajiwa mwaka 2022. Mwaka huo ulipita bila abiria hata mmoja kupanda, na sababu kubwa ilikuwa ardhi, hasa upande wa jimbo la Maharashtra, ulipo mji wa Mumbai.

Ardhi inasumbua kwa sababu ya maumbile ya mwendo wenyewe. Treni ya kilomita 300 kwa saa haiwezi kukunja kona kali; nusu kipenyo cha kona yake hufika kilomita nne na kuendelea. Barabara inaweza kulizunguka shamba la mtu, lakini njia hii hailizungukii. Ikishachorwa, inapita kwenye mashamba, makaburi na nyumba zilizo mbele yake, na watu wengi kati ya hao hawatapanda treni hiyo kamwe, kwa kuwa kituo cha karibu kiko mbali nao. Wanaopinga huitwa maadui wa maendeleo. Mimi naona si haki. Mtu anayeombwa atoe ardhi kwa treni isiyosimama kwake ana hoja, na fidia ya haki inayolipwa kwa wakati ndiyo jibu lake, si hotuba.

Na kituo ni siasa tupu. Kila kituo kinaongeza muda wa safari, lakini kila kituo kina wapiga kura. Kwenye njia ya Cologne hadi Frankfurt nchini Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 2002, kuna Montabaur na Limburg Süd, vituo viwili vilivyoachana kilomita 20 na ushei tu. Treni za njia hiyo hufika kilomita 300 kwa saa. Mpaka wa majimbo mawili unapita kati ya vituo hivyo, na kila jimbo lilitaka chake.

Ujerumani hiyohiyo inatukumbusha kwamba kura ya uchaguzi si kura ya mradi. Machi 2011, huku maandamano dhidi ya Stuttgart 21, mradi wa kuihamishia stesheni kuu ya Stuttgart chini ya ardhi, yakiwa bado mabichi, chama cha Kijani kilichoupinga kilipata uongozi wa jimbo la Baden-Württemberg kwa mara ya kwanza. Novemba mwaka huohuo wananchi walewale wakaulizwa moja kwa moja kama jimbo lijitoe kwenye mradi. Karibu asilimia 59 walisema lisijitoe. Uingereza haikuuliza. Oktoba 2023 Rishi Sunak, waziri mkuu wakati huo, alitangaza kuufuta mkono wa HS2, njia ya mwendokasi inayoanzia London, uliokuwa uende Manchester, akiwa Manchester kwenyewe, kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya reli.

Kuhusu fedha, gharama kupanda peke yake hakuthibitishi kwamba mradi ulikuwa mbaya. Njia ya kwanza ya Japani iligharimu karibu maradufu ya makadirio; mkuu wa shirika la reli, Shinji Sogo, alijiuzulu mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya uzinduzi. Leo ni miongoni mwa njia zenye abiria wengi na faida kubwa duniani. Lakini Japani ilikamilisha. California, wapiga kura walipitisha hatifungani ya karibu dola bilioni 10 mwaka 2008 wakiambiwa San Francisco hadi Los Angeles ni saa 2 na dakika 40, kwa dola bilioni 33 hivi, na sheria ikasema treni isiendeshwe kwa ruzuku. Makadirio sasa yamezidi dola bilioni 100. Sherehe ya kuanza ujenzi ilifanyika Fresno Januari 2015 wakati sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa bado haijapatikana. Mkaguzi wa jimbo alieleza mwaka 2018 kwamba kuanza kabla ya kupata ardhi kulichangia kupandisha gharama: wakandarasi walilipwa kwa ucheleweshaji, na michoro ikabadilishwa kazi ikiendelea.

Kwa mwananchi anayetaka kujua kama ahadi ya treni ina uhai baada ya kura kuhesabiwa, pa kuangalia ni bajeti ya mwaka wa kwanza, kwenye kifungu cha fidia ya ardhi na kuhamisha nguzo za umeme na mabomba ya maji. Fedha hizo hutangulia reli kwa miaka mingi, na hakuna anayepigwa picha akizilipa.