Malkia wa mchwa hahami kama nyuki

"Ssebo (bwana), malkia amehama. Tulibomoa kichuguu, sasa kingine kimetokea nyuma ya jiko." Kila mvua za Machi zikishika, nasikia hayo, kuanzia Luweero hadi Nakasongola, hapa Uganda. Nasema tena: wanaohama na malkia wao ni nyuki. Malkia wa mchwa akishajaa mayai hawezi kulikokota tumbo lile hadi kwako.

Kichuguu huanzishwa na kumbikumbi wawili, hao hao enswa mnaowakaanga. Jioni baada ya mvua, inama chini ya taa ya barazani utazame. Jike akitua, mbawa nne zinakatika zenyewe shinani. (Wengi hudhani hapo anakufa, ndipo anaanza maisha.) Anainua mkia, anatoa harufu. Dume anakuja nyuma yake, kichwa kwa mkia, mpaka wapate udongo laini. Wanachimba wote wawili, kisha wanajifungia ndani.

Humo hawana chakula. Wanaishi kwa mafuta ya mwilini na misuli ya mbawa wasizozihitaji tena, na kwa mate yao wanawalisha watoto wa kwanza. Vibarua wa kwanza wakikomaa ndio wanaofungua njia. Wanaleta nyasi kavu, wanazitafuna, wanazimeza, wanazitoa kama kinyesi na kuzirundika kuwa sega, yaani shamba lao la kuvu. Kwa mchwa wengi wanaolima kuvu, mbegu zake huingia na nyasi hizo, zikitoka kwenye uyoga ulioota juu ya vichuguu vya wengine. Ila kwa aina iitwayo Macrotermes bellicosus, ambao tunao Uganda, mfalme, yaani lile dume, hubeba mbegu tumboni tangu siku ya kuruka.

Yote hayo yanafanyika chini ya ardhi, misimu ya mvua ikipita bila wewe kuona kitu. Kwa hiyo kichuguu cha nyuma ya jiko kilianza kabla hujashika jembe kubomoa kile cha kwanza!

Vijana nao wananionyesha video za wadudu waliobeba vipande vya majani, eti ndio mchwa wetu. Wale ni sisimizi wa Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, Afrika hawapo. Malkia wao huondoka kwao na kidonge cha kuvu mdomoni, anakitema chumbani na kukirutubisha kwa kinyesi chake. Anafanya hayo peke yake, maana madume wao hufa baada ya kupandana. Mfalme wa mchwa hukaa na malkia wake. Tena mchwa si sisimizi hata kidogo, ni ndugu wa mende.

Na zile punje nyeupe kwenye sega si mayai. Ni kuvu.

Mnaojenga, nawaomba: kabla ya kumwaga zege la sakafu, ondoeni kila kipande cha mbao ya fomu kilichobaki chini. Mara nyingi nikifukua sakafu iliyoliwa na mchwa nakikuta humo, kimebaki ganda tupu lililojaa udongo.