Kiwango cha mibofyo: kwa nini tangazo lako la Google linaonekana lakini halibofywi

Simama dakika tano kwenye Old Taxi Park ya Kampala, kituo cha teksi (hapa kwetu ni mabasi madogo ya abiria), uwasikilize wapiga debe. Hutamsikia hata mmoja akipaza sauti kwamba ana usafiri wa kuaminika na huduma bora. Wanataja mahali tu: Mukono, Mukono! Jinja, Jinja! Mwenye safari ya Jinja anageuza shingo, wengine wanapita kama viziwi. Ukihesabu waliosikia mwito, kisha ukahesabu waliogeuka, umeshapata kile ambacho watu wa matangazo ya mtandaoni wanakiita kiwango cha mibofyo, au kwa mkato CTR.

Kwenye Google hesabu ni ile ile. Mtu anaandika anachokitafuta, tangazo lako linatokea juu ya matokeo. Hapo limeonekana mara moja. Akiligusa, hiyo ni mbofyo mmoja. Gawanya mibofyo kwa mara lilizoonekana, zidisha kwa 100. Tangazo lililoonekana mara 2,000 na kubofywa mara 40 lina kiwango cha asilimia 2.

Kuna tofauti moja kati yako na mpiga debe, na ndiyo inayowaliza wengi. Yeye hupata chake watu wakipanda. Wewe unatozwa kwa kila anayechungulia ndani ya teksi, apande asipande. Ndiyo maana matangazo haya huitwa ya kulipia mbofyo: kuonekana ni bure, kuguswa ni pesa.

Sasa, kama kuonekana ni bure, kwa nini uhangaike na asilimia? Jibu liko kwenye namna nafasi za matangazo zinavyogawanywa, yaani kwa mnada. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com, ya Bill Gross, ilianza kuuza nafasi za matokeo ya utafutaji kwa mnada, na aliyetoa dau kubwa alikaa juu. Google ilifungua huduma yake ya AdWords mwaka 2000, hii tunayoiita Google Ads tangu 2018. Mwaka 2002 ikaleta mnada wa kulipia mbofyo, ila kwa ujanja wake: dau lilizidishwa kwa kiwango cha mibofyo. Piga hesabu uone. Jirani yako anatoa Sh 1,000 kwa mbofyo, na katika watu 100 wanaoliona tangazo lake anabofya mmoja. Google inaingiza Sh 1,000. Wewe unatoa Sh 600 tu, lakini katika watu 100 wanabofya watatu. Google inaingiza Sh 1,800. Nani atawekwa juu?

Mnada wa leo una mambo mengi zaidi ya hayo mawili, lakini mantiki haijabadilika. Anayebofywa hulipa kidogo kwa nafasi ile ile, asiyebofywa huongeza dau mpaka mfuko utoboke. Ndani ya akaunti yako, kila neno unalolilipia linaweza kupewa alama ya ubora kati ya 1 na 10, yenye sehemu tatu: kiwango cha mibofyo kinachotarajiwa, ukaribu wa tangazo na kilichotafutwa, na hali ya ukurasa mtu anaofikishwa. Ukidhani utapandisha alama kwa kununua nafasi ya juu kabisa ili ubofywe zaidi, pole. Katika kukadiria sehemu hiyo ya kwanza Google huondoa faida inayotokana na nafasi.

Wanaoanza wakiona asilimia ndogo hukimbilia kubadilisha maneno ya tangazo, wakaongeza alama za mshangao na "bora zaidi Uganda nzima". Mimi nilifanya hivyo miezi miwili. Hesabu ya kugawanya ina namba mbili, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye ile ya chini: tangazo linaonyeshwa kwa watu ambao hawakuwa na haja nawe tangu mwanzo. Hakuna maneno matamu yatakayomfanya mtu wa Masaka apande teksi ya Jinja.

Chukua fundi wa friji wa Ndeeba. Amelipia neno "friji" na kuliacha kwenye mpangilio mpana, ule unaoruhusu Google ikisie maana. Akifungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa (ifungue kila wiki, ndiyo chumba cha ukweli) anakuta tangazo lake limetokea kwa mtu anayetafuta bei ya friji mpya, mwingine anatafuta friji za mitumba, mwanafunzi anataka kujua friji inavyofanya kazi, na kijana anatafuta ajira ya ufundi. Tuseme nusu ya zile mara 2,000 zilikuwa za watu wa namna hiyo, na kati yao walibofya wanne tu, kwa udadisi. Akiwazuia wote, anabaki na mara 1,000 na mibofyo 36. Kiwango kimeruka kutoka asilimia 2 hadi 3.6, na hajagusa hata herufi moja ya tangazo. Kama mbofyo ulimgharimu Sh 900, ameokoa pia Sh 3,600 zilizokuwa zinakwenda kwa wachunguliaji.

Kuzuia kunafanywa kwa maneno hasi, yaani orodha ya maneno ambayo yakitokea kwenye utafutaji tangazo lako linakaa kimya. Hapa kwetu orodha hiyo inahitaji lugha tatu. Ukizuia "bure", hujazuia "free" wala "bwereere". Ukizuia "kazi", bado "jobs" na "emirimu" zinapita. Maneno hasi hayatafsiri wala hayakisii visawe; unachoandika ndicho kinachozuiwa. Sambamba na hilo, maneno unayoyalipia yaweke kwenye mpangilio wa kirai (utafutaji uwe umebeba maana ya maneno yako) au wa ulinganifu kamili (utafutaji uwe na maana ile ile tu), angalau mpaka uwajue wateja wako wanaongeaje.

Na wanaongeaje? Kamusi inasema jokofu. Sijawahi kumsikia mtu wa Kisenyi akisema jokofu lake limekufa. Wengi Kampala hutafuta kwa Kiingereza, wengine kwa Luganda, wengine kwa Kiswahili cha hapa na pale, hasa upande wa Busia na Malaba. Kila lugha ipewe kundi lake la maneno na tangazo lake. Mtu aliyeandika kwa Kiswahili akikutana na tangazo la Kiswahili lenye neno lile lile aliloandika, jicho linatua hapo lenyewe.

Tangazo la utafutaji la siku hizi hukuachia uandike vichwa hadi 15, kila kimoja kisizidi herufi 30, na maelezo hadi manne ya herufi 90. Google huvichanganya yenyewe. Herufi 30 ni chache kwa Kiswahili, lugha inayopenda kubebesha kitenzi kimoja mzigo wa sentensi nzima. "Fundi wa Friji Kampala Leo" inaingia. "Anakuja Nyumbani kwa Sh 30,000" inaingia kwa kubana, ni herufi 30 kamili pamoja na nafasi. Vichwa hivyo viwili vinajibu maswali matatu ya mtu ambaye nyama yake ndani ya friji iliyokufa inaanza kunuka: ni yeye ninayemtafuta, atakuja lini, atanitoza ngapi? Linganisha na "Suluhisho Bora za Ubaridi". Huyo ndiye mpiga debe anayesifu teksi bila kusema inakwenda wapi. Usirudie kichwa kimoja kwa sura 15. Changanya kazi, mtaa, bei, muda na dhamana, ili mchanganyiko wowote utakaotoka uwe na maana.

Chini ya tangazo unaweza kuongeza nyongeza: viungo vya kurasa nyingine, namba ya simu ya kugusa, mahali ulipo. Hazina malipo ya ziada mpaka ziguswe, na hulifanya tangazo lichukue nafasi kubwa kwenye kioo cha simu. Ziweke zote zinazokuhusu, maliza.

Kisha kuna visanduku ambavyo Google inakuwekea alama bila kukuuliza. Unapofungua kampeni ya utafutaji, angalia kama imejumuisha mtandao wa matangazo ya picha na tovuti washirika. Mtu anayesoma habari za mpira hana friji kichwani, hivyo kiwango cha mibofyo huko huwa cha chini sana na huharibu picha nzima. Ondoa alama. Angalia pia mahali: mpangilio wa awali hujumuisha watu walioko Kampala pamoja na wale wanaoonyesha tu kuvutiwa na Kampala, hata kama wako London. Fundi wetu achague walioko. Mwenye kampuni ya utalii Entebbe afanye kinyume chake, kwa kuwa wateja wake hawajapanda ndege bado.

Uganda tuna mkorogo mwingine juu ya huo. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, watu wengi wamezoea kuacha VPN, programu inayokwepa kizuizi kwa kupitishia mtandao nchi nyingine, ikiwaka mchana kutwa. Anayekaa Ntinda anaweza kuonekana kana kwamba yuko Uholanzi, na tangazo lako lisimfikie. Usijaribu kumfuata kwa kufungua kampeni dunia nzima. Utampata yeye mmoja, na utaonyeshwa kwa umati usiojua Ntinda ni nini. Kuweka jina la mji ndani ya neno lenyewe, kama "fundi friji Kampala", kunapunguza hasara kama umeamua kupanua eneo.

Sasa neno la tahadhari kwa atakayeipenda namba hii kupita kiasi. Kiwango kikubwa cha mibofyo hakiuzi. Andika "Tembelea Sokwe Bwindi kwa Bei Nafuu" na utabofywa sana, na utalipia kila mwenye ndoto. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kwa mgeni asiye mkazi ni dola 800 tangu Julai 2024, kabla ya gari, chakula na kitanda. Ukitaja bei kwenye tangazo, kiwango kitashuka, na ni sawa kabisa. Waliobaki wameshaiona bei na hawakukimbia. Mimi huangalia kiwango cha mibofyo pamoja na idadi ya simu zilizopigwa. Cha kwanza kikipanda na cha pili kikilala, nimeahidi kitu kwenye tangazo ambacho ukurasa hauna.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni asilimia ngapi ni nzuri. Inategemea biashara, na inategemea unachanganya nini. Wanaotafuta jina la duka lako moja kwa moja watakubofya tu, kwa hiyo watenge kwenye kampeni yao, la sivyo watakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Na usihukumu mapema: tangazo lililoonekana mara 50 hubadilika kwa asilimia 2 nzima kwa sababu ya mbofyo mmoja, ambao huenda ulikuwa wa shemeji yako akikagua kama tangazo linatokea.