Wales ya Viwanda: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Kiswahili chenyewe hutuponza kidogo tunapoizungumzia Wales. Neno "Uingereza" tunalitumia kwa dola nzima na pia kwa nchi ya Waingereza wenyewe, hivyo Mwelisi humezwa ndani ya Mwingereza kabla maelezo hayajaanza. Mfano ulio karibu nasi ni Henry Morton Stanley, aliyefika Zanzibar mwaka 1871 kutafuta wapagazi wa safari ya kumsaka Livingstone, na ambaye baadaye huko Kongo aliitwa Bula Matari. Wengi tunamkumbuka kama Mwingereza au Mmarekani, ilhali alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mkanganyiko huo wa jina ni mdogo ukiulinganisha na ule wa historia yenyewe, ambayo husomwa kinyumenyume: watu huanza na migodi iliyofungwa na lugha iliyodhoofika katika karne ya 20, kisha wakadhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu awali.

Ndiyo maana ukitaja viwanda vya Wales, jambo la kwanza kutajwa ni makaa ya mawe. Ni kweli kwamba mwaka 1913 migodi ya kusini ilitoa zaidi ya tani milioni 56, na bandari za Cardiff na Barry zikapakia makaa yaliyoendesha meli za mvuke duniani kote. Lakini hicho kilikuwa kilele cha safari iliyoanza na bidhaa nyingine. Kabla ya makaa kuwa mfalme palikuwa na shaba na chuma. Swansea ilikuwa kitovu cha kuyeyusha shaba kwa sababu rahisi ya hesabu: tanuru lilimeza makaa mengi kuliko madini, kwa hiyo ilikuwa nafuu kusafirisha madini kuyafuata makaa, hata kama madini hayo yalitoka Cuba, au Chile kwa meli zilizolazimika kuzunguka ncha ya Amerika ya Kusini. Kiwanda cha White Rock, kilichoanzishwa mwaka 1737, kilitengeneza pia bangili nzito za kubadilishana na watu katika biashara ya utumwa ya Afrika Magharibi. Kaskazini, machimbo makubwa ya mawe ya kuezekea ya Penrhyn yalipanuliwa na Richard Pennant, ambaye utajiri wake ulitokana na mashamba ya miwa ya Jamaica. Anayeiona Wales ya wakati huo kama bonde lililojitenga na dunia hajatazama shehena zake.

Mji uliotangulia kukua haukuwa Cardiff pia. Sensa ya 1801 iliikuta Cardiff na watu 1,870 tu, wakati Merthyr Tydfil, mji wa viwanda vinne vikubwa vya chuma, ulikuwa na 7,705 na ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote Wales. Na hapo hapo Merthyr ndipo inapoanguka dhana nyingine, kwamba treni ya mvuke ilianza na George Stephenson na mtambo wake wa Rocket wa 1829. Tarehe 21 Februari 1804 mtambo wa Richard Trevithick, aliyetoka Cornwall, ulivuta tani kumi za chuma pamoja na watu wapatao 70 kutoka kiwanda cha Penydarren hadi Abercynon, mwendo wa takriban kilomita 15. Ulichukua zaidi ya saa nne, na uzito wake ukavunja vyuma vya njia, jambo lililowafanya wenye kiwanda kurudi kwa farasi. Sina hakika kwamba kuvunjika kwa reli ni sababu tosha ya kuufuta mtambo huo katika kumbukumbu.

Dhana iliyoenea zaidi, na yenye kusikitisha zaidi kwa sababu hata wasomi huirudia, ni kwamba viwanda ndivyo vilivyoua Kiwelisi. Takwimu hazikubaliani nayo kirahisi. Sensa ya 1911 ilihesabu wasemaji 977,366 wa Kiwelisi, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla wala baada ya hapo. Katika karne ya 19 vijana wa mashambani walipokosa ardhi hawakulazimika kuvuka bahari kama wenzao wa Ireland; walishuka Merthyr, Aberdare na Rhondda, wakafanya kazi na majirani wanaosema lugha yao, wakasali katika makanisa huru yaliyohubiri kwa lugha hiyo, na jioni wakasoma magazeti yake. Aberdare, mji wa makaa ya mawe, ndiko lilikotoka kuanzia mwaka 1875 gazeti la Tarian y Gweithiwr, maana yake Ngao ya Mfanyakazi. Lugha isiyo na mshahara wa wasomaji wake haichapishi gazeti la namna hiyo. Mchumi Brinley Thomas alijenga hoja kwamba viwanda viliinusuru lugha badala ya kuiua, na ingawa wapo wanaoipunguza nguvu hoja hiyo, kiini chake kinasimama. Kilichoshuka kilikuwa uwiano: mwaka 1891 wasemaji walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote, mwaka 1911 wakawa asilimia 43.5, kwa kuwa mabonde yaliendelea kupokea wageni wengi kutoka Uingereza kwenyewe kuliko walivyoweza kuwafundisha. Kushuka kwa idadi yenyewe kulikuja baadaye.

Pamoja na dhana hiyo husimuliwa habari ya kipande cha mbao chenye herufi W.N., kifupi cha "Welsh Not" (marufuku Kiwelisi), alichovishwa shingoni mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi shuleni. Kilihama kutoka shingo hadi shingo kila alipokamatwa mwingine, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. (Msomaji aliyewahi kuvishwa kidude kama hicho katika shule za Kenya kwa kusema lugha ya nyumbani hahitaji maelezo zaidi.) Kitu hicho kilikuwapo, ila haikuwahi kuwapo sheria ya Bunge iliyokiamuru, walimu ndio walioamua, mara nyingi Wawelisi wenyewe na kwa ridhaa ya wazazi waliotaka watoto wajue Kiingereza. Serikali haitakasiki kwa hilo. Ripoti ya elimu ya 1847, iliyoandikwa na makamishna watatu wasiojua Kiwelisi, iliwachora Wawelisi kuwa watu wajinga wasio na maadili, hasa wanawake wao, na hadi leo huitwa Brad y Llyfrau Gleision, yaani Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Na kanuni za 1862 ziliifunga ruzuku ya shule na mitihani iliyofanywa kwa Kiingereza. Mbao haikuhitaji sheria palipokuwa na fedha.

Lililobaki ni la Tonypandy, mji wa migodi katika bonde la Rhondda, ambako husemwa kwamba Winston Churchill, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alituma askari wakawapiga risasi wachimbaji waliogoma. Ghasia za Novemba 1910 zilizimwa kwanza na polisi, wakiwamo waliotoka London, kwa kuwa Churchill aliwasimamisha wanajeshi njiani. Mchimbaji mmoja, Samuel Rhys, alikufa kwa pigo la kichwa, na hakuna aliyepigwa risasi. Wanajeshi waliruhusiwa kuendelea baadaye wakakaa bondeni kwa miezi, na wagomaji hawakuwa na shaka walikuja kwa faida ya nani, kwa hiyo chuki yao haikuwa ya kuzushwa. Hata mwaka 1978 Waziri Mkuu James Callaghan, mbunge wa Cardiff, alimkumbusha mjukuu wa Churchill bungeni kisa cha familia yake na wachimbaji wa Tonypandy. Risasi zilipigwa kwingine, Llanelli, tarehe 19 Agosti 1911, katika mgomo wa wafanyakazi wa reli, Churchill akiwa bado waziri yule yule. Waliouawa na wanajeshi ni wawili, John John na Leonard Worsell, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mfanyakazi wa reli.