Masanduku ya mwendo mrefu: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Mchezo wa jiokashi ulianza Mei 2000. Marekani ilikuwa imetoka tu kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayopokea raia, na siku iliyofuata mtu mmoja akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake ili wengine waitafute. Mpaka leo kazi ni ileile: fika, fungua, andika jina na tarehe kwenye kijitabu, rudisha kitu palepale. Yale masanduku ya kando ya barabara hayana siri kubwa. Yanayokula siku nzima ya kutembea ndiyo yaliyozungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi, hasa kwa anayetokea mjini Lubumbashi kuelekea pori la miombo.

"Programu inaonyesha kilomita 4, basi ni kilomita 4."

Hizo 4 ni za mstari ulionyooshwa kwa rula. Njia ya miguu huzunguka dembo, ule uwanda wa nyasi unaojaa maji wakati wa mvua, hutafuta mahali pa kuvukia mto, na hukwepa mashamba ya watu. Kilomita 4 za kwenye skrini huweza kuwa 6 na nusu za ardhini, yaani 13 kwenda na kurudi.

Hesabu ya kale ya wapanda milima ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa njia safi. Nyasi zikifika kifuani, kilomita 3 kwa saa ni mwendo mzuri, kwa hiyo zile 13 zinakuwa saa 4 na dakika 20 kabla hujaanza kutafuta. Ongeza dakika 45 za kutafuta na nusu saa ya kupumzika. Anayeondoka saa mbili asubuhi anarudi bila wasiwasi. Anayeondoka saa saba mchana anakutwa na giza, kwa sababu jua letu halisubiri sana baada ya saa kumi na mbili jioni. Panga saa ya kugeuka kabla ya kutoka nyumbani, tuseme saa nane mchana, na ikifika geuka hata kama zimebaki mita 400.

"Nyota 5 maana yake ni mbali sana."

Kila sanduku lina alama mbili, zote kutoka 1 hadi 5 kwa hatua za nusu. Ya kwanza ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Alama 5 ya njia inakuonya kwamba utahitaji kifaa maalumu, kama mtumbwi au kamba za kupandia. Safari ndefu ya kutembea tu kwa kawaida hupewa 3 au 4. Sanduku la 1 kwa 4 ni raha tupu: unatembea sana, ukifika unaliona.

"Bila mtandao GPS haishiki."

GPS ni mawimbi kutoka kwa setilaiti. Simu inayapokea tu, haitumii mega hata moja. Mtandao husaidia simu ijue haraka setilaiti ziko wapi, ndiyo maana ukiwasha GPS porini baada ya kuizima muda mrefu huweza kuchukua dakika kadhaa. Kinachokosekana kweli ni ramani, kwa hiyo ipakue ukiwa bado mjini, pamoja na maelezo ya sanduku na dokezo lake. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege: kutafuta mnara usiokuwepo ndiko kunakomaliza chaji.

Kuhusu chaji, pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Tarakimu hiyo ni ya betri za ndani zenye volti 3.7, na umeme unapopandishwa hadi volti 5 sehemu hupotea kama joto. Tegemea kuijaza mara moja na kidogo.

"Namba ni namba, ziingize tu."

Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibikia. Jiokashi huandika digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano S 11° 40.250. Hiyo .250 ni robo ya dakika, yaani sekunde 15. Ukiisoma kama sekunde 25 umejisogeza zaidi ya mita 300 kusini, na utapekua vichuguu visivyo na hatia mpaka jioni. Tarakimu ya mwisho kabisa ina uzito wa chini ya mita 2, kwa hiyo kuikosea hakuumi. Kukosea ya kwanza baada ya nukta ni mita 184 kwa kila namba. Na ukisahau S ukaweka N, programu itakupeleka Kordofan, Sudan.

"Umbali ukisoma sifuri, sanduku liko chini ya mguu wangu."

Penye uwazi simu hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya majani mazito au kando ya ukuta wa mwamba, mawimbi hugonga na kurudi, na kosa hufika mita 10, wakati mwingine 20. Aliyeficha naye alikuwa na kosa lake. Zikibaki mita 15, weka simu mfukoni uanze kutumia macho: jiwe lililopangwa kwa mkono, rundo la vijiti vilivyolala upande mmoja, shimo la mti lililozibwa. Usiingize mkono kwenye shimo la kichuguu. Tumia fimbo, nyoka hupapenda.

"Kiangazi hakina shida."

Kwa miguu ndiyo, Mei hadi Oktoba njia ni kavu na nyasi zinalala. Lakini ndio msimu wa moto wa pori. Mioto ya Mei na Juni hupita juujuu. Ya Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ni mikali mno. Kopo la plastiki lililoegemea shina katikati ya nyasi hugeuka donge jeusi, na kijitabu kinakuwa majivu. Anayeficha achague ufa wa mwamba au mahali pasipo na nyasi kwa mita kadhaa. Chombo kiwe na mfuniko wenye mpira, kijitabu kiwe ndani ya sasheti inayofungika, na penseli badala ya bika, maana wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu. Chakula hapana, hata peremende: siafu na panya watafika kabla ya mchezaji.

Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu mmoja kwa siku nzima. Mito midogo kwenye ramani, mwezi wa tisa mingi ni mchanga.

"Lizike, lisiibwe."

Kuchimba ardhi bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi kunakatazwa na kanuni za mchezo. (Ile ndoo ya kwanza kabisa ilikuwa imefukiwa nusu, lakini hayo yamepita.) Kwetu kuna sababu ya pili. Sehemu kubwa ya ardhi kuzunguka Lubumbashi ni konsesheni za madini, yaani maeneo yaliyopewa kampuni kuchimba, na mtu mwenye koleo na GPS anaonekana ni krezeri (mchimbaji mdogo wa madini) au mpelelezi wa kampuni. Pitia kwa shefu wa kijiji, msalimie, mwonyeshe kopo lenyewe na kijitabu chake. Ruhusa ya mwenye ardhi ni sharti la mchezo, si adabu tu. Boksi la chuma la risasi, linalopendwa sana Marekani, liache hukohuko.

"Hifadhini huwezi kufanya lolote."

Chombo hapana, bila idhini ya wasimamizi. Ila tangu 2004 kuna aina isiyo na chombo kabisa: unafika kwenye ajabu ya kijiolojia, unajibu maswali ambayo jibu lake linapatikana ukiwa pale tu, unamtumia aliyeyaandika. Maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu, yanayodondoka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, yanafaa kwa aina hiyo. Swali zuri litauliza tabaka za mwamba zinaonekana zimelala au zimeinama, na jiwe la juu linatofautiana vipi na la chini. Swali la urefu wa maporomoko halifai, kwa sababu linajibika ukiwa umekaa kitandani.